Kadi ya grafiki iwe ya mwisho kununuliwa

Kompyuta nyingi za gemu zinazofika kwa mafundi wa Mbeya hazikuzaliwa kuwa za gemu. Ni Dell OptiPlex, HP EliteDesk na Lenovo ThinkCentre za mtumba, zilizotumikia ofisi za ng'ambo mpaka zikachokwa, zikapakiwa kwenye kontena, zikashuka Dar es Salaam, kisha zikapanda mlima Kitonga kuja huku. Ni mashine ngumu, hatuzisemi vibaya. Ila aliyezibuni alimfikiria karani wa kuchapa barua, hakumfikiria kijana wa Mwanjelwa anayetaka kucheza GTA V usiku kucha.

Ndiyo maana tunasisitiza kadi ya grafiki, ile inayochora picha za gemu, iwe kitu cha mwisho kununuliwa. Pima boksi kwanza, soma pawa saplai (kile kisanduku kinachogawa umeme ndani), jua prosesa yako, yaani ubongo wa kompyuta, inaweza nini, ndipo utume hela Kariakoo. Aliye Dar akikosea anarudi dukani kwa daladala. Aliye Mbeya akikosea, kadi inarudi kilomita 830 hivi kwenye buti la basi, tena kama mwenye duka atakubali kuipokea. Wa Tunduma na Sumbawanga anaongeza safari yake juu ya hiyo.

Anza na pawa saplai, maana ndiyo inayokataa kadi nyingi kuliko kitu kingine chochote. Fungua ubavu wa boksi usome lebo. Zile wati zilizoandikwa kwa herufi kubwa ziache kwanza. Tafuta mstari wa +12V, kwa sababu kadi na prosesa zote zinakula hapo. Chukua ampea zake uzidishe kwa 12. Ukikuta pawa saplai ya bei rahisi imeandikwa 500W lakini mstari wa +12V una ampea 18, unachopata kwa kadi na prosesa ni wati 216 tu. Zilizobaki zimejazwa na mistari ya volti 5 na 3.3, ambayo kompyuta ya leo haiihitaji kiasi hicho. Mara nyingi mkono nao hutambua: pawa saplai yenye shaba na vipoozeo vya kutosha ndani ina uzito wake, na ile nyepesi kama boksi tupu la biskuti iache dukani.

Za ofisi lebo zake kwa kawaida ni za kweli, ila ni ndogo. OptiPlex 7010 ya kusimama ina wati 275, OptiPlex 9020 ya kusimama ina 290, EliteDesk 800 G1 ya kusimama ina 320. Zile nyembamba zenye alama ya SFF zina kati ya 240 na 255. Sasa piga hesabu. Prosesa ya i5-4570 ina wati 84 kwa karatasi. Mazabodi (bodi kuu ya ndani), RAM (kumbukumbu ya muda), diski na feni zipe 50. Umefika 134. Sloti ya PCIe, pale kadi inapochomekwa, yenyewe mwisho wake ni wati 75, kwa hiyo kadi isiyo na soketi ya umeme mgongoni haiwezi kuvuka hapo. Jumla 209. Saplai ya wati 290 inabeba na nafasi inabaki. Hii ndiyo njia ya amani kwa boksi la ofisi: kadi za GTX 1050 Ti au GTX 1650, zote za wati 75, RTX 3050 ya GB 6 yenye wati 70, au RX 6400 yenye wati 53.

Hapo jina la kadi linadanganya watu. RTX 3050 ziko mbili. Ya GB 6 inatosheka na sloti, lakini ya GB 8 inakula wati 130 na inataka waya wake wa umeme. GTX 1650 nazo, baadhi ya watengenezaji waliziongezea soketi ya pini 6 kwa sababu waliipandisha kasi. Jina kwenye tangazo halitoshi. Mwambie muuzaji akupigie picha ya ukingo wa juu wa kadi uone kama kuna soketi ama hakuna.

Ukitaka kupanda juu zaidi, GTX 1660 Super ni wati 125, RX 6600 ni 132, RTX 3060 ni 170, RX 580 ni 185. Zote zinataka pini 6 au 8, na saplai nyingi za ofisi hazina. Hapa ndipo kinapotokea kile kiwaya cha kuunganisha soketi ya SATA na pini 6, kinachouzwa rahisi na kinachoonekana kama kimemaliza tatizo. Soketi ya SATA kwenye mstari wa volti 12 imetengenezwa kwa ampea 4.5, yaani wati 54. Pini 6 kadi inaruhusiwa kuvuta 75. Kwa dakika kumi hutaona kitu, na hata kwa wiki. Siku gemu linapoikamua kadi saa tatu mfululizo, pini inapata joto, plastiki inalainika, pini inalegea, na kulegea kunaongeza joto. Harufu ndiyo inayokuja mwisho. Kama saplai haina pini 6 ya asili, badili saplai, au rudi kwenye kadi ya wati 75.

Kubadili saplai nako kuna mtego wake. OptiPlex 7010 ya kusimama inatumia plagi ya kawaida ya pini 24 kwenye mazabodi, kwa hiyo saplai yoyote ya ATX inachomekwa. OptiPlex 9020 inatumia plagi yake ya pini 8, na EliteDesk 800 G1 inatumia yake ya pini 6. Zinahitaji waya wa kugeuza, na waya wa Dell siyo wa HP hata kama plagi zinafanana kwa mbali. Ukiupata, usiuamini moja kwa moja. Chomeka kwenye saplai mpya mazabodi ikiwa bado haijaunganishwa, washa saplai, shika mita, pima kila pini ulinganishe na mchoro wa mazabodi yako. Dakika tano za mita ni nafuu kuliko mazabodi. Kwa ukubwa wa saplai, watengenezaji wenyewe wanapendekeza wati 450 kwa GTX 1660 Super na RX 6600, na 550 kwa RTX 3060. Hizo ni wati za saplai ya kweli, siyo ile ya boksi la biskuti.

Vipimo vya boksi ni kazi ya dakika moja na rula ya shuleni, lakini watu wanairuka. Pima urefu kutoka ukuta wa nyuma mpaka kwenye kibanda cha diski. Kadi za feni moja zina sentimita 17 hivi na zinaingia karibu kila boksi la kusimama, wakati za feni mbili ndefu zinagonga kibanda. Pima pia unene: kadi nyingi zinachukua nafasi ya sloti mbili, na kwenye baadhi ya SFF sloti ndefu imebanana na saplai. SFF vilevile inataka kadi fupi ya kimo, na kile kipande kifupi cha chuma cha nyuma lazima kije na kadi. Kadi fupi iliyopotelewa na chuma chake kifupi ni tatizo la fundi wa kuchomelea, na fundi wa kuchomelea hana kipimo cha HDMI. Halafu tazama soketi za SATA za mazabodi zilikoelekea. Kadi ndefu inalala juu yake na kuuzima waya wa diski, ndipo mtu anasema kadi mpya imeua diski.

Prosesa tuiseme kwa jaribio badala ya maneno. Fungua gemu unalocheza, washa kihesabu cha fremu (picha zinazochorwa kila sekunde), simama sehemu yenye watu na magari mengi. Shusha ukubwa wa picha kutoka 1920×1080 hadi 1280×720. Fremu zikipanda vizuri, kinacholemewa ni upande wa grafiki, kadi mpya itakusaidia. Zikibaki palepale, prosesa ndiyo imefika mwisho, na hata ukiweka kadi ya mamilioni utabaki na fremu zilezile, ila picha nzuri zaidi. i5 ya kizazi cha nne (namba yake inaanza na 4, kama i5-4570) ina kori 4 na nyuzi 4 tu, yaani inaendesha kazi nne kwa wakati mmoja, gemu za miaka ya karibuni zinaijaza mpaka asilimia 100 na gemu linaanza kushtuka-shtuka. Mazabodi hiyohiyo inakubali i7-4790 yenye nyuzi 8, na wati zake kwa karatasi ni 84 vilevile, kwa hiyo hesabu ya saplai haibadiliki.

Usisahau RAM. Kijiti kimoja cha GB 8 kinatembea njia moja, viwili vya GB 4 vinatembea njia mbili, na tofauti inaonekana kwenye gemu. Mwenye GB 8 kwa jumla akiongeza kufika 16, mara nyingi kule kukwama kwa nusu sekunde kunaisha kabla hata kadi haijaguswa.

Tukija kwenye kuchagua kadi yenyewe, kwa boksi la kizazi cha tatu au cha nne la Intel sisi tunaiweka GTX 1650 mbele ya RX 6400 na RX 6500 XT, ingawa hizo za pili ni mpya zaidi. Sababu ni njia, yaani mistari inayopitisha data kati ya kadi na mazabodi. RX 6400 na 6500 XT zina njia 4 tu za PCIe. Kwenye mashine mpya yenye PCIe 4.0 hazidhuriki sana. Kwenye PCIe 3.0 upana unakuwa nusu, na kumbukumbu yake ya GB 4 ikijaa, kadi inaanza kuazima RAM ya kompyuta kupitia mlango huo mwembamba. Hapo fremu zinaanguka. Kwenye i5-2400 yenye PCIe 2.0 ni nusu ya nusu. Tena kadi hizo mbili hazina kifaa cha kusimba video, kwa hiyo anayerekodi gemu ili apandishe mtandaoni atamtwisha prosesa mzigo huo. GTX 1650 ina njia 16.

Umri wa draiva, ile programu inayoiwezesha Windows kuitumia kadi, nao uhesabu. NVIDIA, watengenezaji wa GTX na RTX, ilitangaza kwamba Oktoba 2025 ndiyo mwisho wa draiva za kawaida za gemu kwa familia za Maxwell na Pascal, yaani GTX 750 Ti, mfululizo wa 900 na wa 1000. Zinazofuata ni za usalama tu, hadi Oktoba 2028. GTX 1050 Ti itaendelea kucheza gemu zilizopo, lakini ukinunua leo ujue umenunua nini, na bei ishuke kulingana na hilo. Windows 10 yenyewe ilifikia mwisho wa msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka Intel ya kizazi cha nane kwenda juu. Mwenye boksi la kizazi cha nne anayefikiria kununua RTX 3060 ajiulize kama hela hiyo haimfikishi karibu na boksi jipya zaidi.

Kadi bandia zipo, na zinafika nyanda za juu kama zinavyofika kwingine. Ile ya zamani zaidi ni GTS 450 au GTX 550 Ti iliyoandikwa upya baiosi (programu ndogo iliyo ndani ya kadi) ikajiita GTX 1050 Ti. Windows inaamini, muuzaji pengine naye anaamini. Alama yake ya haraka iko nyuma: ukiona soketi ya bluu ya VGA kwenye "GTX 1050 Ti", shaka mara moja, maana chipu za Pascal hazitoi VGA. Kwa uhakika endesha programu ya GPU-Z, ambayo ikitambua ujanja huo inaandika neno FAKE mbele ya jina la kadi. RX 580 nayo ina mdogo wake wa nasaba: RX 580 halisi ina viini vidogo 2304 vya kuchakata, lakini iko iliyotolewa kwa soko la China yenye 2048. Ya pili siyo bandia, ni halali kabisa, ila isiuzwe kwa bei ya ya kwanza. GPU-Z inaonyesha namba hiyo kwenye kisanduku cha Shaders.

Halafu kuna kadi zilizochimba sarafu za kidijitali. Septemba 2022 Ethereum iliacha uchimbaji wa kutumia kadi za grafiki, na kadi nyingi zikamwagika sokoni duniani. Kuchimba peke yake hakuui kadi. Kinachochoka ni feni, pedi za joto za kumbukumbu, na wakati mwingine baiosi imebadilishwa. Kadi yenye baiosi iliyochezewa mara nyingi inaonyesha kosa namba 43 ukiweka draiva rasmi. Mwombe muuzaji video ya kadi ikiendesha gemu zito kwa nusu saa bila kukata, joto likionekana pembeni. Dakika tano hazitoshi. Kumbukumbu yenye ugonjwa inaanza kutoa vidoto na vimraba vya rangi ikishapata moto, siyo ikiwa baridi. Na ukipewa kadi ya bei ya ajabu ambayo nyuma haina hata tundu moja la kuchomeka skrini, hiyo ilitengenezwa kwa uchimbaji. Wapo wanaoifanya icheze gemu kwa ujanja wa draiva. Mwenye subira nao ajaribu, sisi hatuna.

Kabla ya kushika bisibisi, pakua draiva. Ni faili la MB 600 na kuendelea, na bando likiisha katikati ukiwa na skrini ya herufi kubwa-kubwa unaanza kuhangaika na hotspoti ya simu. Pakua pia DDU, programu ya kufuta draiva za zamani, na toleo jipya la baiosi ya kompyuta yenyewe kutoka tovuti ya mtengenezaji wa boksi. Weka baiosi mpya wakati kompyuta bado inafanya kazi vizuri, umeme ukiwa kwenye UPS (betri ya akiba). Mashine za kizazi cha pili zenye baiosi ya zamani ndizo zinazosumbua zaidi kuitambua kadi mpya. Kama ulikuwa na kadi nyingine, ingia hali salama ya Windows (Safe Mode), endesha DDU, zima.

Chomoa waya wa ukutani. Bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde 10 ili umeme uliobaki kwenye kapasita umalizike. Laza boksi, ili kadi iingie kwa uzito wake kutoka juu. Gusa chuma tupu cha kasha kabla ya kushika kadi, na rudia kila unapoinuka ukarudi. Kuanzia Juni mpaka Oktoba hewa ya huku ni kavu, na mtu aliyevaa sweta la sufu anayetembea juu ya zulia anabeba umeme tuli wa kutosha. Shika kadi kwenye kingo. Ule mfuko wa kijivu unaong'aa iliokuja nao unapitisha umeme kwa nje, kwa hiyo usiutandike chini ya kadi iliyowashwa kwa majaribio.

Toa vile vibati viwili vya nyuma, siyo kimoja. Fungua lachi ya mwisho wa sloti. Sukuma kadi kwa nguvu sawa pande zote mpaka lachi irudi yenyewe na mlio wake. Kama mstari wa dhahabu wa kadi bado unaonekana upande mmoja, haijaingia. Kaza skrubu. Usiiache kwa sababu "imeshika", maana waya wa HDMI ukivutwa ndio utakaoing'oa. Chomeka umeme wa pini 6 au 8 kama upo. Plagi ya pini 8 ya prosesa inafanana na ya kadi ila mpangilio wake ni mwingine, iliyo ya kadi kwa kawaida imeandikwa PCIe au VGA na inagawanyika 6+2. Ikikataa kuingia, usiilazimishe.

Sasa skrini. Simu zinazosema "fundi, kadi imekufa" nusu yake zinaishia hapa: waya wa skrini bado uko kwenye mazabodi. Uhamishie kwenye kadi. Monita za ofisi za zamani nyingi zina VGA peke yake, na kadi mpya hazitoi VGA, kwa hiyo utahitaji kigeuzi chenye chipu ndani, HDMI kwenda VGA. Kile cha kuunganisha waya tu hakitafanya kazi, maana ishara moja ni ya kidijitali na nyingine siyo. Ukiwasha mara ya kwanza subiri hata dakika mbili, mashine nyingine zinajizima na kujiwasha zikijipanga upya. Giza likiendelea, toa kadi uirudishe, jaribu kijiti kimoja cha RAM, kisha rudi kwenye mahesabu ya saplai.

Zima intaneti wakati wa kuweka draiva, la sivyo Windows itaanza kushusha yake katikati ya yako. Ikimalizika, fungua GPU-Z utazame Bus Interface. Bonyeza ile alama ya swali pembeni uanzishe jaribio dogo, kwa sababu kadi ikiwa imepumzika inashusha kasi ya sloti na watu wanashtuka bure. Jaribio likiwa linaendelea, GTX 1650 kwenye mashine ya kizazi cha nne inatakiwa isome x16 3.0. Ikisoma x8 au x4, safisha mstari wa dhahabu kwa kitambaa laini chenye spiriti safi ya hospitali, acha ukauke, rudisha.

Joto la huku lina hesabu yake. Jiji la Mbeya liko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa ni kama asilimia 82 ya lile la Dar. Feni ikizunguka kwa kasi ileile inasukuma hewa nyepesi, inayobeba joto pungufu. Wakati huohuo chumba cha Juni usiku kinaweza kushuka chini ya nyuzi 10, na baridi hiyo inafidia na kuzidi. Ndiyo maana namba za joto za mtu wa pwani usizilinganishe na zako moja kwa moja, na boksi lililotulia Mbeya likishushwa Kyela, mita 500 hivi na unyevu wa Ziwa Nyasa, linapiga kelele kama trekta. Kadi ya NVIDIA ikikaa chini ya nyuzi 80 baada ya nusu saa ya gemu, iache. Ikizidi 83 inaanza kujipunguza kasi yenyewe.

Kabla ya kununua feni ya ziada, shusha kikomo cha umeme cha kadi kwa programu ya MSI Afterburner mpaka asilimia 80, kisha funga fremu kwenye 60 kama monita yako ni ya 60Hz. Kwa kadi nyingi utapoteza fremu chache tu, lakini joto na kelele vinashuka, na uniti za LUKU pia. Kompyuta inayovuta wati 250 ukichezea saa nne umekula uniti moja kamili.

Umeme unaoyumba unaua taratibu. UPS ya VA 650 mara nyingi inabeba kati ya wati 360 na 390, inatosha boksi la GTX 1650 na monita kwa dakika chache za kuhifadhi na kuzima, siyo za kumalizia mechi. Saplai bora za kisasa zenye urekebishaji wa umeme wa ndani wakati mwingine hazielewani na UPS za bei ya chini zinazotoa wimbi la ngazi-ngazi: umeme ukikatika UPS inapiga mlio, kompyuta inazima palepale. Jaribu mapema kwa kuchomoa UPS ukutani gemu likiwa linaendelea na kazi zako zote zimehifadhiwa.

Vumbi jekundu la kiangazi ndilo adui wa kudumu, na moshi wa jiko la mkaa ndio unaoligandisha. Kipindi cha baridi watu wanafunga madirisha na kuingiza jiko chumbani. Kwa mapafu ni hatari ya kufa, na kwa kadi masizi yanashika vumbi kwenye vipoozeo yakawa kama zege jembamba. Inua boksi kutoka sakafuni, hata juu ya kigoda. Safisha kila miezi miwili kiangazi kwa brashi laini na blowa, ukishikilia feni kwa kidole isizunguke, maana ikizungushwa kwa upepo wa blowa beringi inachoka. Kompresa ya fundi matairi usiikaribie. Tangi lake linatunza maji ya mvuke na mafuta, na yote yanatoka kwenye bomba pamoja na upepo.

Kadi iliyosafiri usiku na basi ikafika stendi alfajiri ya Julai, iache ndani ya boksi lake saa mbili chumbani kabla ya kufungua, maana chuma baridi kinapokutana na hewa ya chumba chenye watu na chai kinalowa. Na kompyuta nzima ikisafirishwa, iwe inaenda Njombe, Mafinga au chuo Iringa, toa kadi uifunge peke yake. Kadi nzito ikiningʼinia kwenye sloti moja ya plastiki, barabara ya Makete ina matuta ya kutosha kuing'oa na kipande cha mazabodi. Skrubu zake zifunge kwenye kijifuko kidogo, ukigandishe kwa selotepu ndani ya kasha, maana anayezipoteza ndiye anayerudi kusema kadi inacheza-cheza.